Malalamiko kuhusu pedi za breki zilizobanduka na kalipa nilizoshinikizwa kununua

Majengo,
Kaunti ya Vihiga.

9 Juni 2025

Meneja,
Duka la Spea za Magari,
Kisumu.

Kwa Meneja,

KUH: PEDI ZA BREKI ZA MBELE, TOYOTA COROLLA 110 YA MWAKA 1998

Mwezi wa Aprili nilinunua dukani kwenu pedi za breki za mbele za gari nililolitaja hapo juu. Nililipa shilingi 3,800 kwa M-Pesa kupitia till yenu, na risiti ninayo. Kijana wenu wa kaunta aliandika juu yake kwa kalamu: "orijino". Alikuwa ametoa pia pakiti nyingine ya shilingi 1,800, kisha yeye mwenyewe akaisukuma kando na kuniambia breki si za kubahatisha. Nilikubaliana naye. Kila siku ya kazi mimi huteremka mlima wa Riat, na yeyote anayeijua barabara ya kutoka Kiboswa hadi Mamboleo anajua kwa nini sikubishana bei.

Mwishoni mwa Mei, nikiwa kwenye mteremko huohuo, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilianza kukwaruza, chuma kwa chuma. Pedeli ikashuka chini kuliko kawaida. Nilirudi gia ya pili, nikawa navuta breki ya mkono kidogo kidogo hadi nikapata pa kuegesha, matatu zikinipigia honi kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Sikuandika ili nipewe pole, kwa hiyo hayo nayaacha hapo.

Nitakalosema kwa kirefu ni kile fundi alichokikuta alipofungua gurudumu. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki bamba la chuma tupu. Ile sehemu nyeusi inayosuguana na diski ilikuwa imebanduka nzima, kipande kimoja kikiwa bado kimekwama ndani ya kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, kinene karibu sawa na siku nilipokinunua. Maana yake haikuisha kwa kutumika. Iliachana na bamba lake. Fundi alichukua pedi ya upande wa pili, ya gurudumu la kulia, akaingiza bisibisi pembeni na kuzungusha kidogo. Ikatoka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini yake palikuwa na gundi kidogo katikati, na kutu pembeni kote. Kwenye pedi zangu za zamani, ambazo bado zilikuwa kwenye boksi lake la takataka, bamba lina matundu na ile sehemu nyeusi imeingia humo na kushika. Bamba la pedi zenu halina hata tundu moja. Halina pia kile kichuma kidogo kinachopiga mluzi pedi zinapokaribia kuisha, ambacho zile za zamani zilikuwa nacho. Na pakiti, ambayo nimeitunza, ina stika iliyobandikwa juu ya stika nyingine.

Sisemi pedi hizo ni ghushi. Mimi sina maabara. Ninachosema ni kwamba zimebanduka, na pedi ya breki inayobanduka haifai kwa kazi iliyonunuliwa kufanya, iwe imetoka kiwanda gani.

Nilipozileta dukani, kijana wenu hakuzishika. Alisema kwanza kwamba fundi wangu wa jua kali amezifunga vibaya. Niruhusu nijibu hilo mara moja. Pedi zilibadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Pini za kalipa zilitolewa, zikasuguliwa na kupakwa grisi ya breki, na mafuta ya breki yalibadilishwa siku hiyohiyo, ya aina ya DOT 3 kama inavyosema kwenye kifuniko cha tangi lake. Zaidi ya hayo, fundi akifunga pedi vibaya italia, italiwa upande mmoja, au itakwama na kuchemka upande aliokosea. Sasa ile ya kulia, ambayo ilikuwa imelika sawasawa na haikuwa na dalili hata moja ya kuungua, ilibandukaje kwa bisibisi?

Kisha akabadilisha wimbo. Gari ni kuukuu, alisema, kalipa zimekufa, na nisipobadilisha kalipa zote mbili na diski zote mbili, pedi yoyote itakayowekwa itaharibika. Aliniandikia hesabu kwenye kipande cha karatasi: shilingi 17,500. Hakuwa ameliona gari. Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara na hakutoka nje hata kulitupia jicho.

Nilipouliza kalipa hizo ni za aina gani, aliniambia ni za "ex-Japan". Yaani, Bwana au Bi. Meneja, zimetolewa kwenye gari la umri uleule na langu, huenda limetembea kuliko langu, na hazina garantii. Kwa hiyo kalipa zangu zina kosa la uzee, na dawa yake ni kununua kalipa zee za mtu mwingine.

Kalipa zangu hazina tatizo. Pistoni inayosukuma pedi inarudi ndani ikisukumwa, mpira wake wa kuzuia vumbi haujachanika, na pini zinateleza kwa kidole. Diski ndizo zilizokwaruzwa na lile bamba tupu, na hata hizo hazikuhitaji kutupwa. Zilichongwa kwenye mashine, zikapimwa, na bado ziko juu ya kipimo cha chini cha unene kilichopigwa mhuri kwenye diski yenyewe kwa zaidi ya milimita moja. Sisi wenye magari ya zamani hatukatai kununua spea. Tunachokataa ni kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika ili kufunika kilichoharibika mikononi mwa aliyekiuza.

Mwisho alininyooshea kidole kwenye kibao kilicho juu ya kaunta, "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi", na kumwita mteja aliyefuata. Kibao hicho kinaweza kumzuia mtu aliyekosea kipimo au aliyebadilisha mawazo njiani. Hakiwezi kuifuta sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kulindwa usalama wake, na kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa yake hata kama hakutamka neno.

Ninadai mnirudishie shilingi 3,800 za pedi, shilingi 1,600 za kuchonga diski mbili, na shilingi 1,000 za ufundi nilizolipa mara ya pili kwa kazi iliyokwisha fanywa. Jumla ni shilingi 6,400, na risiti zote nimeziambatisha. Pedi nyingine nilizonunua kwingine sidai, maana hizo ningezinunua siku moja. Naomba pia mtoe kwenye rafu pakiti zote za aina hiyo hadi mpate maelezo kutoka kwa aliyewauzia kwa jumla. Wiki ileile nilimwona mwenye Probox ya kubeba abiria akinunua pakiti kama yangu, na yeye hateremki Riat peke yake.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha pedi na pakiti kwa Shirika la Viwango la Kenya, na dai langu kwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambako sihitaji wakili.

Pedi zenyewe ninazo. Mnaweza kuzikagua wakati wowote wa kazi, nikiwepo. Sitaziacha kaunta.

Wenu mwaminifu,

Mteja, Majengo

Viambatisho: nakala ya risiti ya pedi, ujumbe wa M-Pesa, risiti za kuchonga diski na za ufundi, picha za pedi na pakiti, karatasi ya hesabu ya shilingi 17,500.