Vipande vya ndege ya Bleaklow viachwe vilipo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu matembezi ya vilima vya Peak District, Uingereza, niliifurahia, hasa pale mlipoelekeza njia ya kufikia mabaki ya ndege kule Bleaklow. Mmetaja pa kuegesha gari, mmeonya kuhusu ukungu, hata viatu hamkuvisahau. Ila hamkusema kwamba pale hapaokotwi kitu. Naandika kwa sababu mimi niliokota.

Tulipandia upande wa barabara ya Snake Pass. Njia ni tope jeusi linalong'ang'ania kiatu, na kwa mwendo wetu wa kusitasita saa nzima ilikatika. Unatembea huoni kitu ila majani na mawe, mara chini panang'aa. Mabati yametapakaa huku na huku, na injini zimelala matopeni, silinda zake zimezunguka kitovu kama ndizi kwenye mkungu. Nilitegemea chuma kizito. Kumbe kipande nilichokiinua, upana wa kiganja, kilikuwa chepesi kama kifuniko cha sufuria, kikiwa na mstari wa ribiti zilizonyooka kana kwamba zimepigwa jana. Nikakifuta tope, nikakitia mfukoni. Mavyuma yote haya, nikajiambia, kimoja kitampunguzia nani?

Ndege yenyewe ni B-29 ya Marekani, aina ile ile iliyodondosha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hii ilikuwa imegeuzwa ya kupigia picha, na mwaka 1946 ilipiga picha za majaribio ya mabomu hayo katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Ndipo ikaitwa Over Exposed, jinsi wapiga picha wanavyoiita filamu iliyoungua kwa mwanga mwingi. Utani mchungu, ukifikiria mwanga wenyewe ulikuwa wa nini. Tarehe 3 Novemba 1948, vita vikiwa vimekwisha miaka 3 nyuma, iliruka kutoka kambi ya ndege za kijeshi ya Scampton kwenda ya Burtonwood, zote za Uingereza, safari fupi ya kupeleka barua na mishahara ya wanajeshi. Mawingu yalikuwa yamefunika vilima, ndege ikashuka kabla haijavivuka. Wote 13 waliokuwemo walikufa.

Hayo nilikuwa nayasoma kwenye simu, nimekaa karibu na jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1988, huku kipande kikinichoma pajani. Mbele yangu watu walikuwa wamechomeka misalaba midogo ya mbao na maua mekundu, mengine ya plastiki. Ya plastiki siyapendi, lakini nani anipe mimi ruhusa ya kumpangia mtu namna ya kuomboleza? Kilichonisimamisha ni habari ya pete. Miaka mingi baada ya ajali, mtu mmoja aliokota pale kwenye tope pete ya dhahabu yenye jina la rubani kwa ndani. Nikarudi nilipokiokota kipande changu. Shimo lake lilikuwa bado wazi kwenye tope, nikakilaza humo.

Wengine husema mabaki hayo ni takataka kwenye hifadhi, yazolewe, au yapelekwe makumbusho. Ndege nzima zilizopakwa rangi zipo tele makumbusho, na watoto hupigia picha mbele yake. Kule juu, ukisimama kando ya injini, unaona kwa macho yako ukingo wa kilima ulivyo karibu, na kama siku hiyo kuna ukungu huhitaji kuelezwa kilichotokea. Ukivihamisha vile vyuma, hadithi inabaki kibao cha ukutani. Tena hata bila sisi kubishana, sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi inakataza kuyaharibu, kuyasogeza au kuyafukua bila kibali cha Wizara ya Ulinzi. Mimi sikuijua, na sidhani kama yule kijana niliyepishana naye akishuka na mkoba unaogongana ndani alikuwa anaijua. Huenda zilikuwa chupa za chai tu.

Mkija kuichapisha tena makala hiyo, ongezeni sentensi moja: tazama, piga picha, usiondoke na kitu. Iwekeni hapo hapo penye maelezo ya viatu, maana hapo ndipo sote tulisoma kwa makini.

Msomaji wenu wa siku nyingi