Fabrice, kabla hujaingia matopeni

Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa 6, 2025

Ndugu yangu Fabrice,

Yambo sana. Huku tuko wazima, na mama yako pia. Juzi nilipita kwake Katuba, akanipa bukari na sombe, kisha akaniuliza kama ni kweli mwanawe amelipa pesa nzima nzima ili akatambae ndani ya matope. Nikamwambia ni kweli. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mwambie aje mwezi wa kwanza, mvua ikikolea," akasema, "atambae hapa mbele ya nyumba bure."

Umeniomba nikupangie mazoezi kwa kuwa mimi ni mwalimu wa michezo, na barua yako yote inazungumzia mapafu na miguu. Miguu yako sina wasiwasi nayo. Kilomita 15, na mbio yenyewe ni mwisho wa mwezi wa nane, utazimaliza hata ikibidi kutembea. Nimesoma sana juu ya hiyo Tough Mudder yako, mbio ya matope na vizuizi huko Uingereza, na video nimeziangalia usiku, saa ambazo mtandao unakuwa mwepesi. Wanaoshindwa kule, wengi wanashindwa na viganja, na baridi.

Angalia kile kizuizi wanachokiita Funky Monkey. Vyuma vya kuning'inia vinapanda, kisha vinashuka, na chini kuna maji. Mtu anaanza vizuri, kifua hakijachoka, halafu unaona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Vyuma vyenyewe vimeshapakwa matope na kila aliyetangulia. Kwa hiyo anza na hili kabla ya kingine chochote: chukua taulo kuukuu, lilowanishe, litupe juu ya chuma au tawi, shika ncha zake mbili, ning'inia mpaka mikono ikuachie. Pumzika, rudia. Mara tatu kwa wiki inatosha, ukizidisha utaumiza viwiko. Mimi nafanya hivyo na wanafunzi kwenye mwembe wa shule. Kuna msichana mmoja, mwembamba kama ufito, anawashinda wavulana wote. Anapandisha macho kwenye majani, hasemi neno, maji ya taulo yanamchuruzika mpaka kwapani, na yeye yupo tu. Wavulana wanaanza kwa kelele na kutaniana, na kicheko ndicho kinachowashusha.

Sasa baridi. Wanacho kizuizi kinaitwa Arctic Enema: kontena limejaa maji na barafu, katikati wamekata njia kwa ukuta, lazima uzame upite chini yake. Hapo usilete ushujaa. Maji ya baridi kali yakigusa kifua, mwili unavuta hewa kwa nguvu wenyewe, hutaki unataka. Ikiwa wakati huo kichwa kiko chini, utavuta maji. Ingia huku unatoa pumzi, baki kichwa nje mpaka pumzi itulie kidogo, ndipo uzame. Na habari njema ni kwamba mwili unazoea: ukiuingiza kwenye maji baridi mara kadhaa, ule mshtuko unapungua. Huku tuko kwenye miezi yetu ya baridi, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo mimi naacha pipa nje na asubuhi najimwagia kabla ya kwenda shuleni. Mke wangu anasema nimerogwa. Wewe fungua bomba la baridi la bafuni, anza na miguu, kisha mgongo, kifua mwisho. Usifanye peke yako mara za kwanza, na ile presha uliyoniambia mwaka jana, muone daktari kabla hujagusa hata tone. Hilo sikushauri, nakuagiza.

Tena ushukuru kwamba yako ni mwezi wa nane. Hapo hapo kwenu karibu na Birmingham, upande wa Wolverhampton, mzee mmoja aliyekuwa askari, Billy Wilson, alianzisha mbio ya namna hii shambani kwake mwaka 1987, akaiita Tough Guy. Watu walikuwa wakiikimbia mwezi wa kwanza, katikati ya baridi ya Uingereza. Tough Mudder ilikuja baadaye sana, mwaka 2010, ikaanzia Marekani, Pennsylvania.

Kizuizi cha umeme sitakificha: nakiona upuuzi. Nyaya zinaning'inia, baadhi zina volti 10,000, na nyinyi mnapita katikati mkiwa mmelowa. Fabrice, mtaa wetu unaweza kukaa siku nzima bila umeme, na wewe unalipa ili umeme ukupige! Kipite kando. Inaruhusiwa kupita kando ya kizuizi chochote, hakuna atakayekufukuza.

Kile cha kuruka majini kutoka juu ndicho kinachonitia hofu kweli. Mwaka 2013, huko West Virginia, mtu mmoja alizama kwenye kizuizi cha aina hiyo na akafa. Maji ni matope, aliye chini haonekani. Wewe na mimi tumekulia mbali na ziwa, kuogelea kwetu ni kupigapiga maji. Kama utaruka, subiri aliyekutangulia aibuke na asogee kabisa, usikubali wa nyuma akusukume. Na kama moyo unasita, shuka ngazi, endelea na safari.

Matope usiyameze. Najua utasema tumbo la mtu wa Lubumbashi limezoea kila kitu. Mwaka 2012, Nevada, watu 22 waliugua tumbo baada ya mbio ya matope iliyofanyika kwenye ranchi ya ng'ombe. Kinyesi cha mifugo kilikuwa kimechanganyika na udongo, na bakteria aitwaye Campylobacter akapatikana. Funga mdomo unapotambaa, osha mikono kabla ya kushika chakula, na ukifika nyumbani sugua kila mchubuko kwa sabuni. Wale wanaopiga picha wameng'ata udongo waache na tumbo lao.

Jambo la mwisho ndilo tutagombana. Umeandika unaenda peke yako. Sikubali. Nakujua tangu tulipokuwa tukikimbia barabara ya Kipushi: ukiona mgongo wa mtu mbele, lazima uupite, hata kama ni mama na baiskeli yake ya makaa. Kule hakuna mshindi wala saa ya kumhesabia mtu. Kabla ya kuanza mnaapishwa kwamba kusaidiana kunatangulia muda wako. Na si maneno ya mapambo. Kizuizi wanachokiita Everest ni ukuta uliopinda, unateleza, unaupandia mbio na kurusha mkono. Kama hakuna aliyelala kifudifudi juu akaudaka, unarudi chini kwa tumbo.

Jumamosi nilitaka kuona kama inawezekana bila msaada. Nyuma ya tanuri za wachoma matofali kuna kichuguu ambacho hawajakikata bado, kirefu kupita nyumba. Tulikimwagia ndoo za maji upande mmoja, udongo ukawa kama mafuta. Kijana wangu mwenye mbio kuliko wote alipanda hatua nne, ya tano ikamrudisha mpaka chini, kaptula yote nyekundu. Akajaribu tena na tena, hivyo hivyo. Kisha wawili wakazunguka nyuma pakavu, wakapanda, wakalala, wakatoa mikono. Wote walipita, hata mimi na kitambi changu, ingawa aliyenivuta analalamikia bega mpaka leo. Tafuta watu wawili au watatu hapo kazini, au kanisani kwenu, mfanye mazoezi pamoja. Mmoja awe mrefu.

Mengine ni madogo. Usivae pamba, inabeba maji na kukuvuta chini. Soksi ndefu, kwa ajili ya magoti na changarawe. Kamba za viatu zifunge fundo mara mbili, maana matope mazito yanavua kiatu na kukimeza. Hatua ziwe fupi. Simu iache nyumbani, pete ya ndoa mwachie Solange.

Na viatu vyenyewe, ukishamaliza, usivitupe. Navaa 43 kama wewe. Vioshe, vikauke, mpe mtu yeyote anayeshuka Lubumbashi kwa likizo.

Mama yako anakusalimu, anasema upige simu Jumapili, si Jumatatu.

Ndugu yako,
Kalenga