Tusiidharau pangaboi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niitetee ndege ya pangaboi, yaani ile inayovutwa na mapanga yanayozunguka kwenye injini. Kila ninaposafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma nasikia manung'uniko yaleyale. Abiria wakishatoka kwenye jengo na kuyaona yale mapanga, mmoja atalalamika kwamba kwa nauli yote ile tunapandishwa kindege, mwingine ataapa kwamba angejua angesubiri jeti. Na haohao ndio wanaolia kila siku kuwa nauli ni ghali.

Nauli haiwezi kutenganishwa na mafuta. Kwa mashirika mengi ya ndege, mafuta hula robo ya gharama zote, na bei ikipanda hufika theluthi. Sisi tunaagiza mafuta kutoka nje, kwa dola. Vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022, tuliona wenyewe bei zilivyopaa.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Dar hadi Dodoma kwa angani ni kama kilometa 400. Jeti hubana mafuta ikishafika juu sana, mita 10,000 na zaidi, kwenye hewa nyepesi, ikatulia huko kwa muda mrefu. Njia ya Dodoma haiipi muda huo: inapanda huku ikinywa mafuta kwa pupa, inatulia kidogo tu, mara rubani anatangaza kuwa tunaanza kushuka. Zanzibar ndiyo usiseme, maana hata kilometa 100 hazifiki. Panga husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo, na kwa safari fupi huo ndio mwendo unaookoa mafuta. Pangaboi aina ya Dash 8 Q400 huenda kilometa 660 hivi kwa saa, jeti kama 830. Kwa kilometa 400 tofauti haifiki dakika 10, na dakika hizo utazimaliza umesimama ukisubiri begi lako.

Wenzetu wameshalijua hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndege za ATR, ambazo nazo ni pangaboi, zilikosa wateja, kila shirika likitaka vijeti vidogo. Mafuta yalipopanda, hadi pipa likapita dola 140 mwaka 2008, mashirika yakarudi kwenye pangaboi.

Siikatai jeti. Airbus A220 inafaa kabisa kwa Johannesburg, na Mumbai huwezi kwenda kwa pangaboi. Ninachopinga ni jeti kurushwa Dodoma, tena viti vingine vikiwa vitupu, kwa sababu ya fahari tu.

Ndege za Air Tanzania zimenunuliwa kwa kodi zetu. Kwa hiyo naiomba serikali, itakaponunua nyingine, ifikirie kwanza pangaboi kwa ajili ya Songea, Iringa, Mpanda na Dodoma. Na shirika litutangazie kila mwaka, njia kwa njia, kila kiti kimetumia lita ngapi za mafuta.

Msomaji wako,
Dodoma