Mvuvi wenu hanuki hata dagaa

Mhariri,

Hadithi yenu ya Jumapili naisoma hapa Mwaloni, Kirumba, nikisubiri mitumbwi ifike. Mwandishi anajua kunogesha, sibishi. Ila huyo mvuvi wake! Shati jeupe, viganja laini, tena anavua dagaa chini ya mwezi mpevu huku mchumba akimwimbia. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haiwavuti vizuri, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kudaiana. Hadithi yenyewe iko hapo hapo: kijana mzuri, sawa, mpeni hata vishimo vya mashavuni, lakini mwezi umejaa, mfuko mtupu, na anamkwepa mama muuza chai anayemdai. Huyo ningemfuatilia mpaka mwisho.

Wanangu wanasema msomaji anataka mtu wa kumtamani. Nimtamani vipi mtu asiyenuka chochote? Marehemu mume wangu alinukia mafuta ya taa hadi siku ya harusi, na wasichana wa Ukerewe walimgombea.

Sehemu ijayo, mwandishi ampe kijana wake japo deni moja.

Mama muanika dagaa,
Kirumba, Mwanza