Malalamiko kuhusu safari ya Iringa: baba hakufikishwa Mlambalasi

Meneja,
Kampuni ya Utalii na Usafirishaji,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO YA SAFARI BINAFSI YA SIKU TATU, MBEYA HADI IRINGA, TAREHE 18 HADI 20 JULAI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwaka jana mlitupeleka kwenye Kimondo cha Mbozi, na kijana aliyetuongoza siku ile aliijua kazi yake. Alituonyesha mahali palipokatwa vipande kwa ajili ya uchunguzi, na akatueleza kwamba wageni walianza kukiandika mwaka 1930 ilhali wenyeji walikwishakijua tangu zamani. Ndiyo sababu mwaka huu sikuhangaika kutafuta kampuni nyingine. Nilikuja ofisini kwenu mwezi Mei, nikakaa na binti wa mapokezi karibu saa nzima, tukaandika ratiba mstari kwa mstari. Nililipa shilingi 1,450,000 kwa watu watatu: baba yangu mwenye miaka 79, mwanangu wa kidato cha pili, na mimi. Risiti ninayo. Imeandikwa gari binafsi, dereva, mwongoza watalii mwenye leseni, malazi, na viingilio vyote.

Tarehe sikuichagua mimi. Aliichagua baba, na nilimweleza binti yenu sababu, naye akaiandika pembeni ya fomu kwa kalamu nyekundu. Tarehe 19 Julai 1898 ndiyo siku Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe na Wajerumani waliokuwa wamemsaka kwa miaka minne tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894. Baba alifundisha historia kwa miaka 34, nyingi kati ya hizo hapa hapa Mbeya na Tukuyu. Kila mwaka aliwasimulia watoto wa watu jinsi kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski kilivyoangamizwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na jinsi kichwa cha Mkwawa kilivyotangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Kaburi lenyewe la Mkwawa, lililoko Mlambalasi, hakuwahi kuliona. Safari za shule zilikosa pesa, na alipostaafu magoti yakaanza kumsumbua. Alichoniomba ni kimoja tu: tarehe 19 Julai asimame Mlambalasi na mjukuu wake. Mengine yote kwenye ratiba yalikuwa nyongeza.

Hamkumfikisha. Hilo ndilo lalamiko langu, na sasa naeleza ilivyokuwa.

Siku ya kwanza tuliahidiwa gari saa 12 asubuhi. Lilifika saa 2 na robo. Ndani alikuwamo dereva peke yake. Nilipouliza mwongozaji yuko wapi, akasema, "Dada, mimi ndiye kila kitu, hii njia naijua kama kiganja changu." Nilimpigia binti yenu simu mara mbili, haikupokelewa. Baba alishavaa koti lake tangu alfajiri na fimbo ipo mkononi, nikaona nisimvunje moyo. Tukaondoka.

Tulipofika Igurusi dereva akaingiza gari kwenye uchochoro nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na vijana wakaanza kupakia mchele. Magunia manne. Viti vya nyuma vilikunjwa, mabegi yetu yakawekwa juu ya magunia, na mwanangu akabanwa katikati ya babu yake na gunia moja lililosimamishwa wima kwa sababu halikupata pa kulala. Nilimuuliza dereva mchele ni wa nani. Akajibu kwamba ni wa mtu wa Mafinga na hautachukua muda. Ulichukua saa nzima kupakia. Mafinga ukachukua saa nyingine kushusha, maana mwenye duka alikuwa msikitini na ikabidi asubiriwe. Ndugu Meneja, baba yangu alikaa kwenye gari lililozimwa, pembeni ya barabara kuu, malori yakipita na vumbi likiingia, huku vumbi la pumba za mchele limemkaa mabegani. Nilimfuta kwa kitambaa. Picha za magunia ninazo tatu, na namba ya gari inasomeka vizuri.

Kwa hiyo Isimila tulifika saa 11 na robo jioni. Mhifadhi wa pale alituonea huruma, akatufungulia tuone zana za mawe, yale mashoka yaliyochongwa na watu walioishi hapo zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mwanangu alisimama mbele ya shoka moja lenye umbo la tone la maji akawa anafananisha ukubwa wake na kiganja chake. Kushuka korongoni kwenye ile minara ya udongo hatukuweza, kiza kilikuwa kinaingia. Tuliitazama kwa juu. Hilo peke yake ningelisamehe.

Tarehe 19 yenyewe tulikubaliana kutoka saa 2 asubuhi. Dereva alikuja saa 5. Alisema alipeleka gari kuoshwa. Kalenga tukaingia saa 6 kasoro, na pale mhifadhi wa makumbusho alikuwa na kundi la wanafunzi. Alituomba tumsubiri nusu saa. Baba alikuwa tayari kusubiri. Dereva wenu akakataa, akasema yeye mwenyewe atatueleza, akatutangulia ndani na kusimama mbele ya fuvu la Mkwawa.

Naandika hapa alichosema, kwa kuwa nilikuwepo. Alisema fuvu lilirudishwa na serikali ya Nyerere baada ya uhuru mwaka 1961, na kwamba mwili wote umezikwa chini ya jengo lile. Mwanangu alikuwa na daftari, akaandika 1961. Baba akamwambia dereva kwa upole, "Kijana wangu, ni tarehe 19 Juni 1954. Gavana Twining ndiye aliyelileta kutoka Bremen, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa mwenyewe. Na mwili hauko hapa. Uko Mlambalasi." Dereva akacheka kidogo, akasema, "Mzee wangu, si yale yale tu." Baba hakubishana. Alichukua kalamu ya mjukuu wake, akaikata ile 1961 kwa mstari mmoja, akaandika juu yake 1954, na pembeni akaandika 56. Ni hesabu aliyokuwa akiwapa wanafunzi wake ubaoni: miaka ambayo kichwa kilikaa ugenini, tangu Wajerumani walipokichukua 1898. Akamweleza mjukuu wake kwamba jambo hilo liliingizwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, Ujerumani ikapewa miezi sita kulirudisha, na bado ikachukua miaka mingine thelathini na zaidi. Wanafunzi wawili watatu wa lile kundi jingine walisogea wakawa wanamsikiliza yeye.

Si yale yale, Ndugu Meneja. Watu wa Iringa walikidai kichwa kwa zaidi ya nusu karne kwa sababu kichwa na mwili vilitenganishwa. Ukimwambia mtoto kwamba vyote viko mahali pamoja, humo hakuna tena cha kudai wala cha kwenda kutazama Mlambalasi. Mtu asiyejua hilo hapaswi kuvalishwa fulana yenye maandishi ya mwongoza watalii mgongoni.

Tulitoka Kalenga saa 8 mchana. Muda ulikuwepo. Tulipoikuta barabara ya Ruaha, badala ya kuendelea mbele, dereva akaelekeza gari mjini. Nikamwambia tunaenda Mlambalasi, ratiba hii hapa. Akasema njia ni mbovu. Nikamwambia ni Julai, hakuna mvua, na mhifadhi ametuambia sasa hivi kwamba kuna gari dogo limeenda na kurudi asubuhi hiyo hiyo. Akasema mafuta hayatatosha. Nikamwambia nitanunua mimi. Hapo ndipo aliposema neno ambalo baba amelirudia mara nyingi tangu tumerudi nyumbani: "Dada, kule hakuna kitu. Ni kaburi tu."

Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele. Ndani ya koti alikuwa na karatasi aliyoikunja mara nne, ameandika maneno machache ya kusema pale kaburini, pamoja na salamu ya Kihehe, "Kamwene," ambayo alikuwa amejifunza kuitamka sawasawa kwa mwenye nyumba ya wageni usiku uliotangulia. Aliitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akaniambia kwa Kinyakyusa nimwache kijana aendeshe. Ilikuwa saa 8 na dakika 20. Baadaye jioni niliambiwa na mhudumu wa nyumba ya wageni kwamba dereva wenu alionekana stendi akitafuta abiria wa kesho yake.

Na kweli aliwapata. Siku ya tatu jumba la Boma tulipewa dakika 20, mwamba wa Gangilonga hatukuupanda, na Mafinga wakaingia watu wawili tusiowajua kwenye gari nililolilipia kuwa binafsi. Sitalieleza sana.

Malazi yalikuwa safi na maji ya moto yalikuwepo, kwa baridi ile ya Iringa hilo nalishukuru.

Tarehe 21 Julai nilikuja ofisini kwenu. Niliambiwa hizo ni "changamoto za barabarani" na kwamba nitapewa punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Nimelikataa punguzo hilo na naendelea kulikataa. Barabara haikuwa na changamoto yoyote. Gari halikuharibika, hatukupata pancha, hatukusimamishwa na trafiki. Muda wa baba yangu ulitumika kubeba mchele wa mtu mwingine na kutafuta abiria.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie fedha ya mwongozaji ambaye hakuwepo, kiingilio cha Mlambalasi ambako hatukufika, na sehemu ya nauli kwa kuwa gari halikuwa binafsi. Mchanganuo mlinipa wenyewe mwezi Mei, kwa hiyo hesabu mnazijua. Pili, baba yangu aandikiwe barua ya kuombwa radhi, iandikwe kwa jina lake, isije kwangu. Yeye ndiye aliyeambiwa "ni kaburi tu." Tatu, tarehe 19 Julai mwakani mumpeleke Mlambalasi kwa gharama yenu, pamoja na mjukuu wake, na mwongozaji mtakayemtoa niongee naye kwanza kabla ya safari. Kama ni yule kijana wa Kimondo, nitafurahi. Mwakani baba atakuwa na miaka 80. Namwombea uzima, lakini ninyi na mimi tunajua kwamba mwaka mmoja kwa mtu wa umri ule si ahadi nyepesi, na ndiyo maana siku ile nilimbembeleza dereva wenu hadi nikaona aibu mbele ya mwanangu.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipojibiwa kwa maandishi nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote, na nakala kwa mamlaka iliyowapa leseni ile mliyoitundika ukutani mapokezi.

Wako katika kudai haki,

Mteja wa safari ya tarehe 18 hadi 20 Julai,
Soweto, Mbeya.

Viambatisho: nakala ya risiti, nakala ya ratiba yenye maandishi ya kalamu nyekundu, picha tatu za magunia Igurusi na Mafinga, nakala ya ukurasa wa daftari wenye mwaka 1961 uliokatwa.