Sanduku la vinywaji, Jumamosi
Asalaam aleikum jamaa. Jumamosi baada ya alasiri tunaunda sanduku letu la kupozea vinywaji kwa barafu, uani kwangu Kisauni. Mbao za paleti zipo, ila ukileta nyingine tazama muhuri ubavuni: HT zimepashwa joto, hizo sawa, MB zimepigwa methili bromaidi, sumu ya kuua wadudu, tafadhali ziache huko huko. Ndani tutatia boksi jeupe la stairofomu la wauza samaki, lioshwe vizuri kwa sabuni na ndimu. Koki ikae chini kabisa, upande ulioinama kidogo, maji yasituame. Kifuniko ndicho cha kutazamwa sana: kisipobana, barafu haifiki magharibi kwa joto hili letu. Nani ana bawaba kuukuu na msasa?