Merekani ya bibi yako

Salem, Massachusetts

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza kutubana. Baba yako anakusalimu sana.

Jumamosi nilipita nyumba moja karibu na bandari. Mwenyewe, bi kizee, amefariki, na wanawe wametandaza vyombo vyake uani vinunuliwe: sufuria, vikombe, picha za harusi za watu nisiowajua. Chini ya rundo nikaona shuka imekunjwa vizuri, lebo ingali pindoni: Pequot. Nimeinunua dola 3. Nakuandikia ikiwa mapajani mwangu.

Shuka za Pequot zilifumwa hapahapa, kwenye kiwanda cha Naumkeag. Kilianza kufuma 1847, kikaungua katika moto mkubwa wa 1914, kikajengwa upya, kikafungwa 1953. Na hata kabla ya kiwanda hicho, merikebu za mji huu zilikuwa zinatia nanga Unguja. Konseli wa kwanza wa Marekani kwetu, 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Merikebu hizo zilishusha marobota ya kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi, yaani utomvu wa mti uliogandamana. Sandarusi ikija kuoshwa hapa, ikawa vanishi. Kitambaa nacho wazee wetu wakakiita kwa kilikotoka: merekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huku 1861 pamba ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika soko. Jina halikuondoka.

Unaikumbuka mito ya usufi ya bibi yako? Ile foronya ya ndani ndiyo merekani. Rangi yake kama tui, ina vidoa vidogo vya maganda ya pamba ambavyo ukivikwangua kwa ukucha having'oki. Ikiwa mpya inakakamaa na kunuka wanga. Ikishafuliwa miaka, unaweza kulalia shavu usitake kuamka.

Ulipokuwa mdogo nilikupeleka makumbusho ya Peabody Essex. Yalianza na vitu vilivyoletwa na chama cha manahodha kilichoundwa 1799, watu waliokwisha kuvuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Vya manahodha vimewekwa kiooni, vina maelezo. Shuka ambayo wafumaji wa mji huohuo waliisimamia kutwa mashineni nimeiokota uani, na wale wanawe hawakujua kama ilitoka mtaa wa pili. Iliniuma, mwanangu, kwa sababu nilifikiria kasha la bibi yako.

Ukivuka Unguja sikukuu hii, mwombe akufungulie. Muulize merekani ile ilinunuliwa duka gani, nani aliishona, na uandike kwa maneno yake mwenyewe, usiyanyooshe. Usifue kitu. Na ule mto uliotoboka ambao shangazi yako anataka kuutupa, mwambie nauomba mimi.

Mama yako